Majarini Kwenye Kibuyu cha Kogo

Kopo kubwa la majarini lilitoa vijiko mia moja na arobaini. Nilihesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilipata mia moja thelathini na tisa, halafu nikakumbuka kwamba kimoja nilikuwa nimekilamba mwenyewe. Hiyo ilikuwa Roret, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa na kibanda cha mabati pale sokoni, jirani na wauza mboga, nikiuza chumvi, kiberiti, sabuni ya mche, mkate, na hicho kitu cha njano ambacho kidogo kininyime mke.

Kopo zima halikununuliwa na mtu wa kawaida. Kopo zima lilikuwa la mwalimu mkuu na watu wa ofisi. Mchuma chai alinunua kijiko. Nilichota, nikakwangua juu kwa kisu, nikabandika kwenye kipande cha karatasi ya mkate, naye akakikunja kwa uangalifu kama barua ya mahakama. Kijiko kilikuwa kimoja lakini bei zilikuwa mbili: kijiko cha kukwangua na kijiko cha mlima. Ule mlima ndio uliotugombanisha kila siku.

"Wewe, huu ni mlima ama ni kichuguu?" mama mmoja wa Mogogosiek alikuwa akiniuliza kila akija.

"Mama, mlima mrefu zaidi ya huo una theluji juu."

"Na kisu unapeleka wapi? Rudisha ile imebaki kwa kisu!"

Niseme ukweli sasa, maana kibanda chenyewe kilishang'olewa. Ile iliyobaki kwa kisu ndiyo iliyokuwa faida yangu. Kila kijiko kiliacha kidogo kwenye kisu, na kisu kilijipangusa chenyewe kwenye ukingo wa kopo. Jioni ukingo ulikuwa na vijiko vitatu, siku nzuri vinne.

Watu hawakununua majarini kwa sababu ya njaa. Mwenye njaa alinunua mahindi. Majarini ilinunuliwa ili ionekane. Kulikuwa na vijana wa laini za chai, zile nyumba za wachumaji, waliopaka kidogo kwenye midomo asubuhi, bila mkate, wakaenda kupanga foleni ya kupima majani midomo ikimeremeta, ili wenzao wajue kwamba kwao leo wamekunywa chai ya maana. Kopo likiisha halikutupwa. Liliwekwa dirishani, maandishi yakitazama barabara. Nyumba yenye makopo matatu dirishani ilisalimiwa vingine. Nilimjua bwana mmoja aliyenunua kwangu makopo matupu tu, na sikumuuliza ya nini. Nilimuuzia kwa bei ya kopo lenye harufu.

Lakini aliyeileta homa hiyo kwa nguvu hakuwa mimi. Alikuwa msichana wa kliniki.

Hakuwa daktari, na hakuwa nesi kamili. Alikuwa msaidizi wa afya aliyesomea miezi michache, akatumwa kuzunguka masoko na laini za chai akifundisha akina mama. Watu walimwita daktari hivyo hivyo, naye alichoka kukataa. Kila Alhamisi alisimama karibu na kibanda changu na karatasi kubwa ya manila aliyochora moyo wa mtu kwa wino mwekundu. Moyo ulikuwa na mabomba. Ndani ya mabomba alikuwa amepaka siagi halisi ya ng'ombe, na kwa kuwa Roret ni baridi, siagi ilikuwa imeganda hapo, nyeupe, ya kutisha.

"Mnaona?" alisema. "Damu itapita wapi?"

Akina mama wakashika vifua. Kisha akatoa kopo la majarini, ambalo alikuwa ameliazima kwangu, akasema hii ni ya mimea, ina vitamini, haina ng'ombe ndani, na watu wa hospitali kubwa wanaipendelea. Akishuka kwenye lile kasha la soda alilosimamia, foleni yangu ilifika kwa muuza kabichi.

Mzee mmoja tu ndiye aliyebisha. Alikuwa mzee sana, akitembea na fimbo mbili. "Daktari," akasema, "mimi nimekula siagi tangu kabla ya chai kupandwa hapa. Hii bomba yangu imeziba lini?"

"Mzee, hujapimwa."

"Basi usinipime."

Lakini alikuwa peke yake. Wengine wote walitaka kupimwa presha. Presha wakati huo ilikuwa ugonjwa wa watu wa ofisi, na mchuma chai aliyeambiwa anayo alitoka kliniki akitembea polepole, kifua mbele, kama mtu aliyepandishwa cheo. Alipita kwangu akasema kwa sauti, "Nipe majarini, siruhusiwi siagi," ili wauza mboga wasikie.

Yeye akahubiri, mimi nikauza. Alhamisi baada ya Alhamisi aliazima kopo langu na kulirudisha. Nililipima kila likirudi na halikupungua hata ncha ya kidole. Hapo ndipo nilipompenda. Mtu ambaye unaweza kumwachia kopo wazi asubuhi nzima hapatikani kila siku.

Nilipomwambia, alicheka. "Wewe unanipenda ama unapenda foleni?"

"Nimehesabu mara mbili," nikasema. "Mara zote mbili ni wewe."

Aliniambia niende kwao kwa njia ya heshima, na niende upesi, kwa sababu kuna karani wa kiwanda cha chai cha Mogogosiek, mwenye pikipiki, ambaye watu wake walikuwa wameshatuma habari kwamba watafika Jumamosi. Baba yake alipenda pikipiki. Mama yake alipenda neno karani. Kwa hiyo ikawa lazima mimi nifike Jumanne ya wiki hiyo hiyo, mbele ya pikipiki.

Sasa mimi si Mkipsigis kama wenyeji. Wazazi wangu walitoka Kisii, milima ya jirani, wakaja kuchuma chai, na mimi nilizaliwa kwenye laini. Hapo Roret nilikuwa "mtu wa duka", na mtu wa duka anaweza kukaa mahali miaka ishirini bila kuwa mtu wa hapo. Nilimwita baba yangu mdogo, aliyefanya kazi ya reli Fort Ternan, awe msemaji wetu. Alikuja na koti la reli lenye vifungo vya shaba, na kofia, akiamini kwamba vifungo vitasema nusu ya maneno. Mama yangu akaja na kikapu.

Tulikuta wazee wamekaa ndani, na mwanamke mmoja mdogo wa mwili, mzee kuliko wote, kwenye kigoda karibu na moto. Huyo alikuwa nyanya wa msichana. Wote walimwita Kogo, jinsi wenyeji wanavyowaita nyanya zao. Hakusema neno kwa saa tatu. Alinitazama tu, kisha akatazama viatu vyangu, kisha akatazama moto.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Baba mdogo alijadiliana kama mtu anayepakia mabehewa: hakukubali kitu mpaka amekigonga. Idadi ya ng'ombe sitaitaja, maana mpaka leo kuna watu watakaosema ilikuwa ndogo. Yatosha kwamba mchana uliposogea baba wa msichana alinyoosha mkono, baba mdogo akaushika, na mama wa msichana akaenda chumba cha nyuma kuleta kitu cha mwisho.

Kitu cha mwisho ni siagi. Kwao mapatano hayo hayafungwi kwa karatasi wala kwa pesa. Mwanamke mkubwa wa nyumba huchukua siagi kutoka kwenye kibuyu kidogo, akawapaka wageni kwenye paji la uso, na tangu hapo nyinyi ni watu wao. Msipopakwa, mmekuja kunywa chai mkaondoka. Kwangu mimi, mtu wa duka, hilo paji la uso lilikuwa ndilo kila kitu.

Kibuyu kikaja, kizuri, kimepambwa kwa shanga. Kogo akakiweka mapajani, akafungua kifuniko cha ngozi, akaingiza kidole. Akakitoa. Akakiangalia kwenye mwanga wa mlango. Akakinusa. Akakilamba kidogo.

Mimi nilikuwa nimeshaona. Ile njano naijua hata gizani. Ilikuwa yangu. Vijiko kumi na tano vya mlima, Alhamisi iliyopita, mama mmoja mwenye kitambaa cha maua ambaye sikujua kwamba ndiye mkwe wangu mtarajiwa, na nilikuwa nimembania kwenye kijiko cha kumi na tatu.

"Hii," Kogo akasema, na ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake, "haina ng'ombe."

Mama wa msichana akainama. "Kogo, siagi haiko. Maziwa yote yanaenda na lori. Na hii ni ghali kushinda siagi. Ina vitamini."

"Vitamini ni mtoto wa nani?"

Kogo akapangusa kidole ukingoni mwa kibuyu.

"Mnataka nimpake mkwe wangu kopo?" Kogo akafunga kifuniko. "Leteni siagi."

Wazee wakatazamana. Baba mdogo akavua kofia. Mimi nikasimama, kwa sababu mfanyabiashara akisikia kitu kinatakiwa, miguu yake husimama kabla ya kichwa. Nikasema nitaleta siagi kabla chai ya pili haijapoa. Siagi! Katika nchi ambayo ukitupa jiwe unampata ng'ombe.

Nilianza na jirani mwenye ng'ombe kumi na mmoja. Alinikaribisha, akanipa chai ya rangi. Maziwa yake yote yaliondoka alfajiri na lori la ushirika. "Siagi tuliacha," akasema. "Mke wangu ana presha." Akanionyesha dirisha. Makopo manne.

Nyumba ya pili ilikuwa ya mzee wa kanisa. Ng'ombe sita, chai ya rangi, makopo mawili. Mke wake alinisimulia habari za yale mabomba ya moyo neno kwa neno, hata akakohoa pale ambapo msichana wangu hukohoa. Akaniuliza kama nimeleta ya kijiko, yake ilikuwa imeisha.

Nyumba ya tatu sikumaliza chai.

Ndipo nikakumbuka mpishi. Huyu alikuwa mtu wa kwetu Kisii, alipika kwenye nyumba kubwa ya meneja wa shamba la chai, kule juu penye nyasi zilizokatwa na maua ya rangi rangi. Wazungu, nikafikiri, hawawezi kukosa siagi. Nikapitia kibandani kuchukua mikate miwili, nikapanda kilima nikikimbia, shati la posa limeshika mgongo.

"Siagi iko," mpishi akasema kwenye mlango wa jikoni. "Lakini siyo ya kula."

"Ni ya nini?"

"Ya mbwa. Memsahibu alienda kwa daktari Nairobi, akaambiwa moyo. Sasa hapa ni majarini asubuhi, majarini jioni. Siagi namfungia mbwa dawa yake ya minyoo, ndiyo anameza."

Nilimpa mkate mmoja na ahadi ya mwingine. Alitaka miwili hapo hapo. Tulikubaliana mmoja na nusu, na ile nusu niliikata mimi mwenyewe. Nikashuka na robo tatu ya pakiti, imefungwa kwa karatasi nzuri, ina chumvi, ina muhuri wa ng'ombe anayecheka. Nilijiona nimemaliza kazi.

Kogo alinusa karatasi. Akaitikia kwa kichwa polepole, kwamba ndiyo, hii ni ya ng'ombe. Nikamtazama msichana wangu aliyesimama mlangoni, naye akanitazama.

"Ng'ombe wa nani?" Kogo akauliza.

"Wa ushirika, Kogo. Wa kiwanda cha maziwa."

"Ng'ombe gani? Ako na rangi gani?"

"Ni wengi. Wanachanganywa maziwa kwa tangi moja."

Akaifunga tena ile karatasi. Kisha akasema, "Nikikupaka hii, nimekupaka ng'ombe za watu wote. Utaoa wilaya nzima? Utaweza?"

Wazee walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Hata baba mdogo alicheka, na vifungo vyake vikacheka naye. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeelewa. Maisha yangu yote nilikuwa nimeamini kwamba kila kitu kina mwenyewe na kila mwenyewe ana bei, na hapa kulikuwa na kitu ambacho lazima kitoke kwenye boma hili, kwa ng'ombe wa hapa, na boma hili halikuwa nacho hata kidogo, kwa sababu mimi na huyo msichana tulikuwa tumezunguka na kopo Alhamisi baada ya Alhamisi tukihakikisha kwamba halitakuwa nacho.

Kogo akatoa hukumu. Maziwa ya nyumba yazuiwe, yamwagwe kwenye kibuyu chake kikubwa, yagande. Siku nne. Jumamosi asubuhi yasukwe. Siagi ikitoka, atapaka. Isipotoka, Jumamosi hiyo hiyo kuna wageni wengine wanakuja, na wao wana pikipiki.

Baba wa msichana hakupenda. "Lori likija na mkebe wangu ni nusu, karani wa maziwa atasema nimeanza kuuzia hoteli."

Hapo msichana akaingia ndani. Alikuwa amevaa ile sare ya kliniki, kwa sababu alikuwa ametoroka kazini. "Baba," akasema, "ni mimi niliwaambia watu waache siagi. Nilisema wasile. Sikusema wasipakwe."

 Baba yake akasema mkebe utakuwa nusu.

"Na nani atasuka?" mama akauliza. "Mikono ya Kogo haiwezi tena. Yangu imesahau."

Kogo akaninyooshea kidole kile kile alichotia kwenye majarini. "Huyu. Aliyeleta kopo."

Kusuka kibuyu ni kazi ya wanawake. Mwanamume kusuka kibuyu cha maziwa mbele ya wakwe ni kama kutembea sokoni na kitambaa cha maua kichwani. Baba mdogo alianza kufungua mdomo kwa niaba yangu, nikamkanyaga mguu.

Siku hizo nne nilirudi kibandani. Ijumaa alikuja mteja aliyevaa tai, akaacha pikipiki ikinguruma nje. Alitaka kopo kubwa zima la majarini, jipya, lisilo na mkwaruzo, ni zawadi. Nilijua ni zawadi ya nani. Nilimletea. Akaomba nipunguze bei kidogo. Nikamwambia kwa zawadi ya namna hiyo mtu hapunguziwi, wakwe watasikia. Akalipa yote. Nikamfungia na utepe mwekundu, na utepe nao nikamuuzia.

Jumamosi nilifika na mama na baba mdogo kabla ya umande kukauka. Kibuyu kilikuwa kimejaa, kizito, kimefungwa mdomo kwa ngozi. Kogo alinikalisha kwenye kigoda nje, mahali ambapo kila anayepita njiani angeniona, na walipita wengi, sijui ni nani aliyewaambia. Nikaanza kukisuka mapajani, huku na huku, kama nilivyozoea kumwona mama yangu akimtikisa mtoto wa jirani.

"Polepole," Kogo akasema. "Haijakukosea kitu."

"Mtu wa duka!" mwanamke mmoja akaita kutoka njiani. "Huyo mtoto ananyonya ama?"

"Ukimaliza hapo uje kwangu, niko na kuni!"

Nilisuka. Na kwa kuwa ndiyo tabia yangu, nilianza kuhesabu chini ya pumzi. Moja, mbili, tatu. Nilifika mia mbili na kumi. Maziwa yalikuwa yakipiga chubwi, chubwi, vile vile kama mwanzo.

Kogo akageuka. "Unafanya nini na mdomo?"

"Nahesabu, Kogo."

"Nini?"

"Mara nilizosuka. Ili nijue."

Akaniangalia kama vile nimetema mate ndani. Wenyeji hawahesabu ng'ombe kwa kidole, wala watoto, na kumbe wala siagi. "Ukihesabu haitoki," akasema. "Inajificha. Hesabu kopo zako. Hii acha."

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Mikono ilikuwa nafuu. Kichwa ndicho kilichoumia. Kila nikisuka, namba ilikuja yenyewe mlangoni, nikaifukuza, ikaja nyingine. Nikajaribu kutazama chai iliyofunika kilima, nikajikuta nahesabu mistari. Nikafumba macho. Asubuhi ilikuwa na baridi, na siagi haipendi baridi. Msichana akatoka na maji ya uvuguvugu, akamwaga kidogo kwenye mdomo wa kibuyu, akasogeza makaa karibu na miguu yangu. Kisha akakaa hapo chini. Sare yake ilikuwa imeshika jivu.

"Ile moyo yako ya manila," nikamwambia, "laiti ingekuwa inaniona."

"Nyamaza, suka."

Sijui nilisuka kwa muda gani, na hilo ni jambo ambalo siwezi kulisema juu ya asubuhi nyingine yoyote ya maisha yangu. Ninachojua ni kwamba sauti ilibadilika. Ile chubwi ikawa nzito, kisha kukawa na kitu kinachogonga ndani, dub, dub, kama mtu mdogo anayepiga mlango kwa ngumi iliyofungwa.

Kogo aliinua kichwa. Hakuuliza. Alichukua kibuyu, akafungua ngozi, akaingiza vidole viwili, akatoa donge jeupe lenye vitone vya majivu yanayopakwa ndani ya kibuyu, lenye harufu ya moshi na nyasi na ng'ombe. Lilikuwa dogo. Kwa kijiko changu, kwa kukwangua, lisingefika vijiko vitatu. Nilijizuia.

Barabara ya chini tukasikia pikipiki.

"Simama," Kogo akaniambia. "Hapana. Kaa. Mimi ni mfupi."

Akanipaka. Paji la uso, katikati, kwa kidole gumba, akavuta mpaka kwenye nywele. Kisha mama yangu, ambaye alifunga macho. Kisha baba mdogo, ambaye alikuwa amevua kofia mapema ili isichafuke. Alisema maneno ya kwao ambayo wakati huo nilielewa nusu, na nusu niliyoelewa ilitosha.

Karani aliingia bomani na watu wake wanne, tai imenyooka, kopo mikononi na utepe mwekundu. Alituona watatu tumekaa kwenye benchi, mapaji yakimeremeta, siagi ikianza kuyeyuka kwa jua na kunitiririkia kwenye nyusi. Hakuuliza chochote. Mtu wa huko haulizi. Aliangalia kopo lake, akaniangalia mimi, na nadhani hapo ndipo alipokumbuka bei.

Walikaribishwa vizuri. Walipewa chai, na kwa kuwa maziwa ya asubuhi hiyo nayo yalizuiwa, ilikuwa chai ya maziwa kweli, ya kwanza kwenye nyumba hiyo, wakasema, tangu lori lianze kuja. Karani alikunywa vikombe viwili. Alimkabidhi Kogo kopo kwa mikono miwili, akaagana na kila mtu, na mimi pia, akaondoka. Kurudi na kopo hakuweza. Ingekuwa aibu nyingine juu ya hiyo.

Pikipiki ilipopotea nyuma ya kilima, Kogo aliliweka kopo mapajani, mahali pale pale alipokuwa ameshika kibuyu. Alifungua utepe, akaukunja, akauficha kwenye kifua chake.

"Mtu wa duka. Fungua."

Nikatoa kisu changu, nikalifungua.

"Mkate uko wapi?"

Msichana akaleta mkate. "Kogo, wewe ulikataa hii."

"Nilikataa kwa kichwa cha mtu." Akachagua kipande cha katikati, kisicho na ganda. "Kwa mkate sijasema. Mama yako amekuwa akinificha, lakini ninajua anakoweka. Ni tamu."

"Na moyo?"

"Moyo ni wangu."

Nikachota kwa kisu, nikampakia kipande chake, safi, kona kwa kona, kama mkate wa mwalimu mkuu. Kisha mkono wangu, bila kuniuliza, ukaenda kwenye ukingo wa kopo kupangusa kisu.

"Ngoja," Kogo akasema. "Na ile ya kisu?"

Wote walikuwa wakinitazama. Nikarudisha kisu kwenye mkate, nikapangusa upande mmoja. Kogo hakuondoa macho. Nikageuza kisu, nikapangusa upande wa pili pia.